Mstari wa Saba Mgongoni mwa Shangazi Lavonne

Shangazi Lavonne hajawahi kusubiri kitu kiive. Wali anaufunua kabla haujakauka. Keki anaifungulia oveni kila dakika tano aone kama imeumuka, halafu anashangaa kwa nini imezama katikati. Akipanda nyanya kwenye ndoo zake pale barazani, siku ya tatu anaufukua udongo kwa kidole ahakikishe mbegu haijatoroka. Anaendesha foklifti kwenye ghala la vigae hapa mjini Macon, na wenzake wanasema hakuna anayeweza kupitisha vile vyuma chini ya shehena bila kugusa kitu kama yeye. Mimi nadhani anaipenda kazi ile kwa sababu kigae ukikinyanyua kinanyanyuka hapo hapo. Hakikwambii uje mwezi ujao.

Nina miaka kumi na sita, na nyumba yake na yetu zinatazamana, lakini mpaka mwaka jana sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake kilivyo. Nilikuwa naona mawigi. Alikuwa nayo matatu na kila moja lina jina. Patrice alikuwa wa kanisani, Yolanda wa kazini, na Rhonda wa harusi, misiba na kwenda kugombana na watu maofisini. Ukimsikia anasema, "Leo sina nguvu za Rhonda," unajua hiyo ofisi imepona.

Habari ya nywele ilianzia kwenye saladi ya viazi.

Sisi akina Goolsby tunakutana kila mwaka wikendi ya pili ya Julai. Ijumaa tunakaanga samaki, Jumamosi tunakula bustanini, Jumapili tunaenda kanisani wote tumevaa fulana za rangi moja. Kila mtu anapangiwa cha kuleta. Saladi ya viazi ni ya Shangazi Claudine, dada mkubwa wa Lavonne na wa baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Chattanooga. Aliirithi bibi alipofariki na hajaiachia tangu hapo. Shangazi Lavonne miaka yote hiyo ameandikiwa barafu na sahani za karatasi. Kwetu ukipewa barafu, ujue ukoo umekaa, umekujadili, na umekubaliana usisogezwe karibu na jiko.

Basi Julai ya mwaka jana, Shangazi Lavonne akaweka sahani chini mbele ya watu wote.

"Dada, mwaka ujao saladi nafanya mimi."

"Kwa lipi?" Shangazi Claudine hakuacha kutafuna.

"Yako ina sukari. Watu wanaogopa kukwambia kwa kuwa uliwafundisha darasa la tatu. Ile si saladi, ni keki iliyokosa mshumaa."

Watu wakainamia sahani zao. Shangazi Claudine akafuta mdomo taratibu, pembe hii na pembe ile.

"Lavonne, mara ya mwisho kukuachia viazi ulivitoa vibichi. Tulivitafuna vinalia kama karoti. Mtu asiyeweza kusubiri kiazi, nimkabidhi saladi ya mama yangu?"

"Naweza kusubiri."

"Umewahi kusubiri nini? Hata nywele zako mwenyewe hujazisubiri. Umeanza kuzifuga mara nne, na kila mara mwezi wa pili tunamwona Yolanda."

"Nywele za ukoo huu hazivuki shingo," akachomekea Babu Thaddeus, mjomba wao, ambaye yeye mwenyewe hana hata moja. "Ni mambo ya damu hayo."

"Zitavuka," akasema Shangazi Lavonne.

"Zikikufika mgongoni," akasema Shangazi Claudine, "kijiko nakukabidhi kwa mkono wangu."

"Mgongoni wapi?"

Hapo kiherehere changu kikanifikisha pabaya. Nilitoa simu nikawaonyesha zile fulana wanazovaa wanaofuga nywele, zenye mistari mgongoni kama rula, moja mpaka kumi na mbili. Unavuta nywele chini, mtu anakupiga picha, unaona umefika mstari gani. Shangazi Claudine alivaa miwani akaitazama ile picha kama anasahihisha mtihani.

"Wa saba," akasema. "Mkutano ujao. Ukishindwa, unaleta barafu mpaka nife."

Fulana ikaja Agosti. Nilivuta shungi moja la kisogoni, nikalinyoosha, likagusa mstari wa kwanza. Mstari mpaka mstari ni inchi moja. Mwalimu wangu wa baiolojia alikuwa ametufundisha kwamba nywele hukua kama nusu inchi kwa mwezi, kwa hiyo nilipiga hesabu hapo hapo nyuma ya bahasha: miezi kumi na moja, inchi tano na nusu, kama hakuna unywele hata mmoja utakaokatika njiani. Tulihitaji sita.

"Hesabu zako ni za shule," akaniambia. "Hizi ni nywele."

Jumamosi zote tangu siku hiyo zikawa za kuosha, na sikujua kuosha nywele kunaweza kula siku nzima. Mafuta kwanza, kofia ya plastiki dakika arobaini. Kuosha. Dawa ya kulainisha, kofia tena. Kugawa kichwa mafungu manane, kila fungu kulichambua kwa vidole kabla ya chanuo, kuanzia kwenye ncha kwenda juu, maana ukianzia juu unang'oa. Kisha maji, mafuta, krimu, na kusokota misokoto miwili miwili mpaka mikono ife ganzi. Tukianza na kifungua kinywa, tunamaliza watu wanakula cha mchana. Na picha lazima nipige mimi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye macho kisogoni.

Septemba, mstari wa kwanza. Oktoba, mstari wa kwanza. Novemba nilimwambia labda umepita kidogo, na sikuwa nasema kweli.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unene wa sarafu."

"Miezi mitatu, Nyla. Miezi mitatu nimelala na kichwa kimelowa, nimenuka maji ya mchele mpaka kule ghalani wananiuliza nimepika nini. Kwa unene wa sarafu."

Kila wiki mbili alibadilisha kitu. Mafuta ya mnyonyo, akayaacha. Majani ya rozmari ya kuchemsha, akayaacha. Parachichi, ambalo mwishowe alilila. Nilijaribu kumweleza nilichosoma, kwamba unachofanya leo unakiona baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa unywele unaochomoza leo uko kwenye ngozi, hauko mgongoni. Kinachoonekana mgongoni ni ule wa zamani ambao haukukatika. Kazi ya mafuta yote yale si kuuvuta, ni kuuzuia usikatike.

"Kwa hiyo ninakipaka ninachokiona au nisichokiona?"

"Unachokiona. Ili usichokiona kikifika kikikute."

"Wewe mtoto utakuja kuwa mchungaji au tapeli."

Desemba alikuwa ameshamchana Yolanda na kumweka tayari juu ya kabati. Lakini Jumapili ya kwanza ya Januari nilivuta lile shungi, nikatazama, nikafuta kioo cha simu kwa blauzi, nikatazama tena.

"Mbona umenyamaza?"

"Wa tatu, Shangazi."

"Usinitanie."

"Wa tatu. Na ushee."

Alikimbilia chooni na kioo cha mkononi, akakaa humo robo saa. Alipotoka alimrudisha Yolanda kwenye boksi na kulifunga kwa gundi ya karatasi. Februari mstari wa nne. Machi, wa tano. Kila picha ilienda kwenye kundi la ukoo kwenye simu, na kila mara Shangazi Claudine alijibu neno moja: "Nimeona."

Hapo ndipo Shangazi Lavonne alipogeuka kuwa mtaalamu. Baada ya ibada wanawake walimzunguka kwenye maegesho, kila mmoja anataka kujua siri.

"Ni subira, mpenzi," anawaambia, mkono kifuani. "Subira na rozmari. Mimi nimeumbwa hivyo, sina haraka."

Mimi nikiwa nimeshika mkoba wake nyuma yake, nilikuwa natazama miti.

Jambo moja tu lilimsumbua. Fulana ile ilikuwa inamkaa vibaya. Agosti ilimfika nyongani, na sasa ilikuwa inaishia kitovuni. Akalaumu kambare. Akasema umri huu chakula hakiendi popote, kinakaa kinakutazama. Akaacha kambare wa kukaanga, akaacha mkate wa mahindi, akawa anatembea kuzunguka kanisa mara sita kila Jumanne. Fulana ikazidi kupanda. Akaacha na siagi.

Mei tukafika mstari wa saba. Siku hiyo alilia kidogo, akaniambia ni vumbi.

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeamua kuzitumia picha zile kwa mradi wangu wa baiolojia. Nilichora chati nzuri, rangi tatu. Mwalimu aliitazama, akakuna kidevu.

"Kati ya Desemba na Mei mtu huyu amekuza zaidi ya inchi moja kwa mwezi," akasema. "Ama shangazi yako si binadamu, ama rula yako ina matatizo."

Nilicheka. Halafu nikiwa natembea kurudi nyumbani nikaacha kucheka.

Jumamosi nilikwenda na futikamba ya mama. Shangazi alikuwa jikoni, kofia ya plastiki kichwani, dakika thelathini zimebaki, hawezi kwenda popote. Fulana ilikuwa imekunjwa kwenye kapu la nguo, bado ina joto. Niliitandaza mezani nikapima kutoka mstari wa kwanza mpaka wa pili, nikarudia. Haikufika inchi. Ilizidi robo tatu kwa unywele. Mistari yote ilikuwa imebanana na kupanda juu kuelekea kwenye kola, kama watu wanaokimbia mafuriko.

"Shangazi, hii fulana unaikausha wapi?"

"Kwenye mashine. Ile aliyoninunulia mwanangu Jarvis Krismasi. Inakausha, we acha tu. Unaweka moto wa mwisho, dakika ishirini umemaliza."

"Na kabla ya Krismasi?"

"Kabla ya Krismasi ile ya zamani ilikuwa imekufa, nilikuwa naanika kwenye kamba, siku nzima, inavutika kwa maji mpaka..."

Akaitazama fulana, akaitazama futikamba, akainua mikono taratibu akajishika tumbo.

"Nimeacha siagi," akasema.

Tulipima nywele zenyewe, kwa futikamba, kuanzia ngozi mpaka ncha, mashungi matano tofauti. Tangu Agosti zilikuwa zimekua inchi nne kasoro. Nilimwambia hizo ni nyingi, kwamba karibu zote alizootesha amezitunza, kwamba maisha yake yote hajawahi kuwa na nywele ndefu namna ile. Ilikuwa kweli. Lakini kwa fulana ya kweli, huo ni mstari wa tano unaokaribia, na mkutano ulikuwa wiki sita mbele. Hakuna mafuta duniani yatakayoleta mistari miwili kwa wiki sita.

"Dada alisema mstari wa saba," akasema mwishowe. "Hakusema wa fulana iliyofuliwa vipi."

"Shangazi."

"Wewe umeona nini? Hujaona kitu. Mradi wako andika shangazi yako si binadamu."

Nilikunja futikamba. Nilikuwa nataka ashinde, na nilikuwa naona aibu, vyote kwa wakati mmoja.

Ijumaa ya mkutano alikuja uwanjani kwa Babu Thaddeus bila wigi, misokoto imefumuliwa, nywele zimesimama kumzunguka kama kichaka kilichomwagiwa maji. Ile fulana ameivaa juu ya gauni, kitovuni. Binamu zangu waliacha kula. Shangazi Claudine akainuka kwenye kiti chake, akaja nyuma yake, akashika shungi, akalivuta.

"Wa saba," akasema. "Njoo jikoni."

Mimi nilikuwa jikoni tayari, nawatazama dirishani huku naviringisha samaki kwenye unga wa mahindi. Shangazi Claudine alifunga mlango, akaniona, akaona bora nibaki. Kisha akavua wigi lake akaliweka juu ya friji.

Nilidhani nitamkuta na mvi zilizobanwa. Pembeni, juu ya masikio, nywele hazikuwepo. Zilizobaki katikati zilikuwa fupi, kavu, zimechoka.

"Ni gundi," akasema. "Miaka kumi na mbili ya gundi ya kubandikia wigi. Novemba mjukuu wangu anaolewa na ameniomba nisimame naye nikiwa mimi. Nimekaa na zile picha zako, Lavonne. Desemba huna kitu. Mei umefika wa saba. Mimi nina miezi minne. Niambie ulipaka nini Desemba."

Shangazi Lavonne akafungua mdomo. "Rozmari," akaanza, na mkono ukapanda kifuani kama kule kwenye maegesho. Akanitazama. Nikatazama samaki. Akakitazama tena kichwa cha dada yake, na mkono ukashuka.

"Dada, Desemba sikupaka kitu. Desemba Jarvis aliniletea mashine ya kukaushia nguo."

Shangazi Claudine akaikamata fulana kwa mikono miwili akaivuta chini, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Kwa hiyo tumbo..."

"Ni lile lile."

"Na kambare uliyekuwa unamkataa kwa simu, unatuhubiria sisi wengine?"

"Niliteseka bure, Dada."

"Zimekua ngapi kweli?"

"Nne na nusu," nikasema mimi. "Kwa mwaka mzima kasoro mwezi. Miezi mitatu ya kwanza hutaona kitu chochote, Shangazi. Novemba utakuwa na kama inchi mbili, na hapo pembeni labda vinyweleo tu. Lakini vitakuwepo."

"Ningeanza leo," akasema taratibu, "halafu Novemba nisione ile saba, ningezinyoa zote nikarudi kwenye gundi."

"Ndiyo maana nimekwambia," akasema Shangazi Lavonne.

"Umeniambia kwa sababu umebanwa."

"Na hilo nalo."

Shangazi Claudine akavaa wigi lake, akalinyoosha mbele ya kioo cha maikrowevu. "Saladi yangu."

"Yako."

"Na barafu?"

"Nitaleta barafu."

"Kesho saa moja asubuhi unaniosha. Chakula ni saa saba mchana, viazi navichemsha nikishamaliza."

Nilitaka kusema kitu juu ya hesabu hiyo, lakini safari hii nilikibana kiherehere changu.

Kesho yake saa moja kamili Shangazi Claudine alikuwa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni. Saa mbili na nusu gundi ya kale ilikuwa bado inatoka kidogo kidogo kwa mafuta na vidole. Saa nne tulikuwa fungu la tatu kati ya nane, na viazi, kilo saba, vimekaa sakafuni kwenye mfuko wao vinatutazama. Saa tano kasorobo Shangazi Lavonne alimvalisha kofia ya plastiki.

"Dakika arobaini. Usiguse, usiinuke."

"Arobaini? Na viazi?"

"Ukivua sasa, umeosha bure."

Shangazi Claudine aliitazama saa ya ukutani, akautazama mfuko. Akanitazama mimi, nikatikisa kichwa. Mimi hata yai linanishinda.

"Lavonne," akasema mwishowe, kama anayeng'olewa jino. "Kiazi kinaiva lini?"

"Uma ukiingia bila kusukumwa."

"Kabla ya hapo?"

"Hakijaiva."

"Haya."

Tulimenya kama watu wanaofukuzwa. Maji yakachemka, viazi vikaingia, Shangazi Lavonne akafunika sufuria, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono na kuficha viganja kwapani. Nilimtazama. Dakika tano. Dakika kumi. Jasho linamtoka, mguu unagonga sakafu, lakini mfuniko hakuugusa.

"Vipo vipi?" Shangazi Claudine aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Bado."

"Funua uangalie."

"Bado, Dada."

"Na hii kofia mbona sisikii tofauti yoyote?"

"Zimebaki dakika tisa."

"Nilidhani kungekuwa na mwasho kidogo, dalili fulani."

"Dada, kaa."

Kwetu hakuna anayechota saladi ya viazi kabla ya kuuliza swali moja. Saa saba pale bustanini, foleni ikafika kwenye lile beseni, Babu Thaddeus yuko mbele, akasimama na kijiko hewani.

"Hii kaifanya nani?"

Shangazi Lavonne alikuwa ng'ambo ya meza, ameshika mfuko wa barafu unaomwagikia viatu, na hakuinua macho. Shangazi Claudine alikuwa kando yangu, kitambaa cha satini kichwani, chini yake misokoto midogo iliyolowa.

"Lavonne," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale pale. Alivisubiri."

Babu Thaddeus alifikiri. Akachota kijiko kimoja, kidogo, cha majaribio, akakionja hapo hapo kwenye foleni, jambo ambalo haliruhusiwi. Akatafuna. Hakuna kilicholia.

"Haina sukari," akasema.

"Haina," akasema Shangazi Lavonne.

Akasogeza sahani yake karibu na beseni, akaanza kuchota vizuri.